Nebraska, 1984: kosa halikuwa pale wazee wanapolitafuta

Swali: Naishi Lincoln, Nebraska. Kila msimu wa futiboli ya vyuo ukianza, wazee kazini wanarudia ubishi uleule: kocha Tom Osborne wa Nebraska alikosea au hakukosea kutafuta pointi mbili dhidi ya Miami, wakati sare ingempa ubingwa? Nusu wanamwita shujaa, nusu wanasema aliutupa ubingwa mwenyewe. Wakimaliza hapo wanahamia kwa Ara Parseghian wa Notre Dame, aliyeikubali sare mwaka 1966 na akasemwa vilevile. Kwa hiyo nani alikuwa sahihi? Mimi nimekulia kwenye soka, hesabu za mchezo huu bado zinanipiga chenga.

Jibu:

Ndugu msomaji, Osborne hakukosea kutafuta pointi mbili zikiwa zimebaki sekunde 48. Alikosea dakika sita hivi kabla ya hapo, kwenye uamuzi ambao wazee wako pengine hawajawahi hata kuutaja. Na Parseghian alikuwa na haki zaidi ya inavyosimuliwa.

Tuanze na hesabu zenyewe, maana bila hizo ubishi wote ni makelele. Tachidauni, yaani kuuingiza mpira eneo la mwisho la wapinzani, ni pointi 6. Ukishaifunga unapewa nafasi moja ya kuongeza, na unachagua mwenyewe: upige teke katikati ya nguzo upate pointi 1, au ucheze kawaida kutoka yadi ya 3, mpira uuingize eneo la mwisho kwa kukimbia au kurusha, upate 2. Vyuo vilianza kuruhusu hizo mbili mwaka 1958. Ligi ya kulipwa ya NFL ilichelewa mpaka 1994. Teke la pointi moja huingia karibu kila mara. Jaribio la pointi mbili hufaulu chini kidogo ya nusu, na kwa vyuo tunaweza kulifanyia hesabu kwa 43 katika 100. Jambo la mwisho la kukumbuka: vyuo vikubwa havikuwa na muda wa nyongeza kwenye mechi za msimu mpaka 1996. Mechi ya 1984 ikiisha sare, imeisha sare.

Sasa usiku wenyewe. Ni tarehe 2 Januari 1984, uwanja wa Orange Bowl, Miami, ambao ndio ulikuwa uwanja wa nyumbani wa Miami. Nebraska ni namba 1 kwenye kura za kuzipanga timu, kura ambazo ndizo zilizotoa ubingwa enzi hizo; wameshinda mechi zote 12 na kufunga pointi 624 msimu mzima. Miami ya kocha Howard Schnellenberger ni namba 5, na kwotabeki wake, yaani mrushaji na kiongozi wa mashambulizi, Bernie Kosar, ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Robo ya kwanza inaisha Miami wakiongoza 17-0. Nebraska wanarudi, tena mara moja kwa ujanja wa kuuacha mpira chini makusudi ili Dean Steinkuhler, mzuiaji wa mstari wa mbele mwenye mwili wa kuvunja mlango, auokote na kukimbia nao yadi 19 hadi ndani. Wanasawazisha 17-17, kisha Miami wanapaa tena hadi 31-17. Mike Rozier, mshindi wa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka ule, anatoka na kifundo cha mguu kilichoumia. Nafasi yake anachukua Jeff Smith.

Zikiwa zimebaki takriban dakika 7, Smith anafunga kutoka yadi moja. 31-23. Simama hapo.

Osborne alifanya kile ambacho karibu kila kocha wa enzi ile angefanya: akaita wapiga teke, ikawa 31-24. Chukua cha uhakika sasa, lile gumu litajadiliwa mwishoni. Inasikika kama busara, na wengi bado wanafundisha hivyo.

Lakini tazama. Tuseme Nebraska watafunga tachidauni moja zaidi na Miami hawataongeza kitu, kama ilivyotokea kweli. Tuseme pia mateke yote yanaingia. Njia aliyoifuata Osborne ni teke kwanza, pointi mbili mwishoni. Katika mechi 100 za namna hiyo atashinda 43 kwa 32-31 na kupoteza 57 kwa 31-30. Hakuna sare hata moja.

Geuza mpangilio. Jaribu pointi mbili mara ya kwanza, kwenye 31-23. Ukifaulu ni 31-25, na tachidauni ya pili na teke jepesi vinakupa 32-31. Hizo ni mechi 43 za ushindi, idadi ileile. Ukishindwa unabaki 31-23. Tachidauni ya pili inakufikisha 31-29, na hapo unajaribu tena pointi mbili, safari hii kwa ajili ya sare. Katika zile mechi 57 zilizobaki, 24 au 25 zinageuka kuwa 31-31. Zinazopotea moja kwa moja zinashuka kutoka 57 hadi 32 au 33.

Ushindi ni uleule, vipigo vimepungua karibu nusu, na hakuna ulicholipia. Si suala la ujasiri wala la uoga. Mpangilio wa kwanza haushindi wa pili kwa kipimo chochote, hata kwa kocha ambaye sare haimpendezi kabisa. Ndiyo maana husikii mtu akiutetea: unatetewa ule uamuzi wa sekunde 48 kwa sababu ndio uliobaki kwenye picha.

Na sare ingekuwa na uzito gani? Siku ileile Texas, namba 2, walikuwa wameshapoteza 10-9 kwa Georgia. Illinois, namba 4, walipigwa 45-9 na UCLA. Nebraska wangebaki timu kubwa pekee ambayo haijapoteza, na kura za ubingwa zingewaelekea. Badala yake Miami waliruka kutoka namba 5 hadi 1.

Utakutana na pingamizi mbili kazini, moja dhaifu na moja yenye maana kidogo. Ile dhaifu ni ya moyo: ukishindwa jaribio la kwanza, wachezaji wanavunjika. Hebu fikiri. Ukishindwa zikiwa zimebaki dakika 7, bado uko nyuma kwa pointi 8, yaani umiliki mmoja wa mpira, na unajua wazi unachohitaji. Ukishindwa zikiwa zimebaki sekunde 48, umebakiwa na teke fupi la kubahatisha ili uupate mpira tena. Habari mbaya afadhali ije mapema, wakati bado unaweza kubadilisha mpango.

Ile yenye maana ni hii: vipi kama kabla ya tachidauni ya pili Miami wangefunga fildi goli, yaani teke katikati ya nguzo lenye pointi 3? Na kweli walijaribu moja ya yadi 42 mwishoni, ikatoka nje. Ingeingia, ungekuwa na 34-24 kwa njia ya Osborne, na 34-25 au 34-23 kwa njia ya pili. Kwa 34-24, tachidauni, teke na fildi goli vinakupa sare. Kwa 34-25, vitu vilevile vinakupa ushindi wa pointi moja. Kwa 34-23 unalazimika kufaulu pointi mbili ndipo usawazishe. Unapata upande mmoja, unapoteza mwingine, hesabu inabaki karibu palepale. Pingamizi hili halibomoi kitu.

Baada ya fildi goli ile kukosa, Nebraska walianzia yadi yao ya 26 bila Rozier. Irving Fryar aliuangusha mpira ndani ya eneo la mwisho, jambo ambalo wazee wako hawajalisahau hakika. Wakafika dauni ya nne, yaani nafasi ya mwisho kati ya nne unazopewa kusogea yadi 10, wakihitaji yadi 8 kutoka yadi ya 24 ya Miami. Kwotabeki Turner Gill akakimbia pembeni, akamrushia Smith kwa nyuma, Smith akaenda zote 24. 31-30.

Kufikia hapo Osborne alikuwa na machaguo mawili tu, na alichagua kushinda. Kwa kocha aliyefunga pointi nyingi namna ile, asilimia 43 haikuwa kamari ya kichaa. Ulinzi wa Miami ulikuwa umekimbizwa na kuchoka. Gill akaviringika kulia, akamrushia Smith aliyekuwa akikata upande uleule, na beki Kenny Calhoun akaugusa mpira kwa vidole. Ukapotea njia, ukaanguka.

Mchezo wenyewe, yaani mpango wa jaribio lile moja, ulichaguliwa vibaya? Sidhani. Ukumbuke tu ugumu wa nafasi ile. Kutoka yadi ya 3, washambuliaji wana yadi 3 mbele na 10 za eneo la mwisho, jumla 13 kwa urefu, na upana wa yadi 53 na ushei. Walinzi 11 hawana haja ya kuogopa mpira mrefu, kwa hiyo wote wanasogea mbele. Kwotabeki anapoviringika upande mmoja anapata faida ya kuweza kukimbia mwenyewe, ila nusu nyingine ya uwanja ameshaitupa: kumrushia mtu wa kushoto ukikimbilia kulia ni hatari. Calhoun alikuwa na mambo machache ya kutazama. Hiyo ndiyo bei ya mchezo ule, na timu iliyojengwa juu ya kwotabeki anayekimbia hulipa bei hiyo kwa hiari.

Parseghian sasa. Novemba 19, 1966, East Lansing: Notre Dame namba 1, Michigan State namba 2. Michigan State waliongoza 10-0. Notre Dame walimpoteza kwotabeki Terry Hanratty robo ya kwanza baada ya kubanwa na Bubba Smith, mlinzi wa Michigan State. Mkimbiaji Nick Eddy alikuwa ameshaumia bega kwa kuteleza akishuka treni. Coley O'Brien aliyeingia badala ya Hanratty alikuwa na kisukari. Wakasawazisha 10-10 mwanzoni mwa robo ya nne kwa teke la Joe Azzaro. Zikiwa zimebaki sekunde 70 hivi walipata mpira kwenye yadi yao ya 30, na Parseghian akaamuru wakimbie tu mpaka saa iishe. Wachezaji wa Michigan State waliwazomea uwanjani.

Ili kushinda, Notre Dame walihitaji kusogea yadi 40 hivi kwa dakika moja, wakimtegemea kwotabeki aliyechoka, kisha Azzaro apige teke refu. Naye alikuwa ameshakosa la yadi 41 robo ileile. Upande wa pili alikuwapo Dick Kenney, aliyekuwa akipiga peku na ameshafunga la yadi 47 siku hiyo. Mpira mmoja kunaswa karibu na katikati, na Kenney anamaliza kazi. Nafasi ya kupoteza ilikuwa kubwa kama ya kushinda, huenda zaidi.

Ila kinachosahaulika kabisa ni ratiba. Kwa Michigan State ile ilikuwa mechi ya mwisho. Kanuni za Big Ten, ligi yao, zilikataza timu moja kwenda Rose Bowl, mechi kubwa ya Januari, miaka miwili mfululizo, nao walikuwa wametoka huko Januari. Notre Dame enzi hizo haikucheza mechi za baada ya msimu, lakini ilikuwa imebakiza mechi moja, dhidi ya USC ugenini. Kura ya mwisho ya shirika la habari la AP mwaka ule ilipigwa kabla ya mechi za Januari. Kwa hiyo sare haikuwa na thamani sawa kwa pande mbili: mmoja alikuwa amemaliza kusema, mwingine alikuwa na neno lililobaki mbele ya wapiga kura. Wiki iliyofuata Notre Dame wakaifunga USC 51-0, wakapewa ubingwa na AP na shirika jingine la habari, UPI. Alabama, ambao hawakupoteza wala kutoka sare msimu mzima, walimaliza wa tatu na mpaka leo watu wao wana kinyongo. Kinyongo chao kina haki, lakini kinawahusu wapiga kura, si Parseghian.

Tena katika mbio zile za mwisho Notre Dame walikuta dauni ya nne yenye yadi moja ndani ya nusu yao wenyewe, na hawakuupiga mpira mbali. O'Brien alijitumbukiza katikati ya mstari, wakaipata. Wangeikosa, Michigan State wangeuchukua mpira palepale. Anayemwita mwoga aanze kwa kueleza hilo.

Kwa hiyo ukilinganisha: Parseghian alijua sare yake inanunua nini, akaitafuta kwa utaratibu. Osborne aliikataa sare kwa heshima, lakini dakika 6 kabla aliifuta sare ileile iliyokuwa ikitolewa bure kama bima. Mechi ya 1968 ya Harvard na Yale, ile ya 29-29, huwa inaingizwa humu pia. Iache. Harvard walikuwa nyuma kwa 16 na sekunde 42 tu. Kila tachidauni ililazimika kufuatwa na pointi mbili. Kocha hakuwa na la kuchagua, na pasipo chaguo hakuna cha kumpongezea wala kumlaumu, zaidi ya furaha ya kuitazama.

Siku hizi kuna muda wa nyongeza, na hesabu ya kuwa nyuma kwa 14, kama Nebraska kwenye 31-17, imebadilika kidogo tu. Ukipiga mateke mawili unafika sare, na muda wa nyongeza tuuhesabu nusu kwa nusu: unashinda 50. Ukijaribu mbili kwanza: 43 za ushindi wa moja kwa moja, kisha 24 na nusu za sare, nusu yake unashinda, jumla kama 55. Hesabu hii inaipendelea njia ya pili mradi jaribio lako lifaulu zaidi ya mara 38 katika 100. Ukiona kocha yuko nyuma kwa 8 baada ya tachidauni na anaita pointi mbili, mtangazaji akashangaa, wewe usishangae.

Uamuzi wa Chris Petersen, kocha wa Boise State wakati ule, kwenye mechi ya Fiesta Bowl, Januari 1, 2007, ni jamaa wa karibu wa ule wa Osborne. Muda wa nyongeza, Oklahoma wametangulia 42-35 kwa mbio za Adrian Peterson za yadi 25 kwenye mchezo wa kwanza kabisa. Boise wanafunga, 42-41. Teke lingepeleka mzunguko wa pili, na katika mzunguko unaofuata zamu hubadilika: Boise wangeanza wao kushambulia, bila kujua wanahitaji nini, dhidi ya timu yenye miili mikubwa na mkimbiaji yule. Petersen hakuhitaji kuamini kwamba jaribio lake linazidi nusu. Alihitaji kuamini kwamba linazidi nafasi yake ya kushinda huko mbele.

Na alikuwa na mchezo wa kufaa. Wapokeaji watatu wamepangwa kulia. Kwotabeki Jared Zabransky anarudi nyuma, anatazama kulia, anauzungusha mkono wa kulia kana kwamba anarusha. Mkono huo ni mtupu. Mpira uko mkono wa kushoto, nyuma ya kiuno, na Ian Johnson anapita akiuchukua na kukimbilia kushoto ambako hakuna mtu. 43-42. Linganisha na Gill: kule uwanja ulikatwa nusu na walinzi wakaachiwa nusu sahihi, huku walinzi walivutwa kwenye nusu isiyo na mpira.

Wakikuletea na Nick Saban, aliyekuwa kocha wa Alabama, na lile teke la yadi 57 dhidi ya Auburn, Novemba 30, 2013, jibu kwa ufupi. Kujaribu teke ikiwa 28-28 na sekunde moja si wazimu. Tatizo ni nani walikuwa uwanjani: kikosi cha teke ni watu wazito wa kuzuia, mshika mpira na mpigaji, si wakabaji wa kumfukuza mtu mwepesi. Auburn walimweka Chris Davis chini ya nguzo. Teke lilipungua, akaubeba uwanja mzima, 34-28. Kikosi kile kilipaswa kutawanyika na kukaba mara tu mpira unapotoka mguuni. Hilo hufundishwa mazoezini, haliokotwi siku ya mechi.

Sasa, hiyo 43 niliyoitumia ni wastani, na wastani hauchezi mechi. Tangu 2021, mechi za vyuo zikifika mzunguko wa tatu wa nyongeza, timu hupokezana majaribio ya pointi mbili tu. Oktoba mwaka huohuo Illinois na Penn State walifika mzunguko wa tisa, na kuanzia wa tatu hadi wa saba majaribio 10 mfululizo yalishindwa, kabla Illinois hawajashinda 20-18. Wazee wakikubana, waulize Nebraska ya msimu ule wa 1983 ilikuwa na michezo mingapi ya yadi 3 iliyoiva vizuri bila Rozier. Kama ni mmoja tu, njia yangu ya kujaribu mara mbili inapoteza sehemu ya faida yake, kwa sababu jaribio la pili lingekuwa na mchezo dhaifu zaidi. Hapo ndipo pa kumtetea Osborne, na sijasikia mtu akimtetea kwa hoja hiyo.